Nukta ya Rangi ya Kucha

Mita iko juu ya mlango.
Aliyeifunga alikuwa mrefu, ama alikuwa na haraka.
Syombua hupindua ndoo, akapanda.

Tarakimu ishirini.
Ujumbe umezileta zikiwa zimeshikana,
hakuna pa kuvuta pumzi,
na simu, kila akifika ya saba,
huzima kioo chake ikalala.

Mimi ni jirani yake, ghorofa ya tatu, Umoja.
Kazi yangu ni vitufe.
Nalipwa mshahara niamue kitufe kiwe na kona kali
au kona za mviringo.
Wiki jana tulikaa vikao vitatu, chai na mandazi,
tukibishania kijani: cha sukuma wiki au cha ndizi mbichi.
Jebiwott alitaka cha ndizi.
Jebiwott alishinda.

Nikawa nimesimama gizani nikimsomea,
nne, sifuri, moja, moja, tisa,
nikaona kidole chake hakitafuti.
Kwenye tano ametia nukta ya rangi ya kucha,
iliyobaki harusi ya dadake,
imevimba kidogo, ngozi huihisi.
"Nikishaipata tano," akasema,
"zingine zote ni majirani zake."

Tangu usiku huo naona mji mzima umetiwa viraka.
Lifti ya jengo fulani Mtaa wa Tom Mboya:
kitufe cha nne kilikufa kitambo,
watu hubonyeza tano kisha hushuka ngazi,
na mgeni huambiwa kabla hajauliza.
Mlango wa duka la dawa umeandikwa VUTA
na haufunguki ila kwa kusukumwa.
Mhudumu amebandika karatasi: SUKUMA TAFADHALI.
Hiyo ni ya tatu. Mbili za kwanza zilichoka.
Mashine ya benki, mshale wake
unaonyesha katikati ya vitufe viwili;
kijana wa bodaboda, helmeti kwapani,
anabonyeza cha chini kwa imani tu.

Na lile swali letu sisi mafundi wa vioo:
JE, UNA UHAKIKA?
Nani ana uhakika, Nairobi, tarehe ishirini na saba?
Ndiyo tumeiweka pale gumba linapolala.
Ghairi tumeipaka kijivu, pembeni,
kama mtoto wa kambo siku ya picha.

Syombua alikuwa akimtumia Mutiso wa mbao mia nane.
Jina lilitokea. Alikuwa bado analisoma,
silabi kwa silabi,
kioo kikamwambia muda wako umekwisha, anza tena.
Mara ya pili hakusoma.
Aliharakisha, kama alivyofunzwa na kioo.
Pesa zikaenda kwa Mutisya, mtu asiyemjua,
na Mutisya hapokei simu.

Nikamwendea na daftari, nikamwuliza
tunavyofundishwa kuuliza:
ungependa ibadilishwe vipi?
Nilitarajia rangi. Nilitarajia herufi kubwa.
Alifikiri huku akisugua sufuria.
"Iningoje," akasema.

Jumatatu nililipeleka neno hilo ofisini.
Likaandikwa kwenye kikaratasi cha njano,
likabandikwa ukutani kati ya vikaratasi vingine vya njano.
Wote walitikisa vichwa: neno zuri, neno zito.
Ijumaa gundi ilikuwa imelegea.
Nililiokota chini ya kiti cha Jebiwott
likiwa na alama ya kiatu.

Leo tena giza.
Tarakimu ya kumi na nane, ya kumi na tisa, ya ishirini.
Mita inanyamaza, kama mtu anayehesabu chenji,
nasi tunaitazama, shingo juu,
hatujui kama imesikia.

Kisha taa.

Natarajia ashuke, chai iko jikoni.
Hashuki. Yu juu ya ndoo bado,
ulimi umemtoka kidogo pembeni mwa mdomo,
kichupa mkononi,
anaongeza rangi kwenye nukta.